Hakuna Aliyenipiga

3 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na wanangu wawili. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Goti lake limetulia tangu ahamie chumba cha chini, ingawa sasa analalamika kwamba haoni tena mambo ya watu kama alivyokuwa akiyaona kutoka dirisha la juu.

Kazini bado niko meza ya pasi. Mashuka ya hoteli yanaletwa mabichi, tunayanyoosha, tunayakunja, yanaondoka, kesho yake yanarudi machafu utadhani hatukufanya kitu. Msimamizi wetu, yule tunayemwita Saa Mbovu kwa sababu hajawahi kufika kwa wakati, amepandishwa cheo. Usiniulize kwa lipi.

Shemeji yako naye hajambo. Hajasema neno tangu wiki iliyopita. Natania, juzi alisema "chumvi". Wewe uliyetupa majina haya, Chiriku na Kimya, siku ya harusi yetu, ungefurahi kutuona mezani, mimi naongea na yeye anatafuna. Amepata kazi ya kutengeneza mageti ya shule, mawili makubwa ya kuteleza, na ujia wetu umejaa vyuma.

Sasa kaka, najua Mama amekwisha kukupigia simu, maana hajui kukaa na jambo. Ndiyo, tumbo langu limejaa. Limejaa zaidi upande wa kushoto, na Mama anasema ndiko wanakokaa watoto wa kiume. Nikila matonge mawili nashiba. Usingizini natoka jasho mpaka natia shuka maji. Usoni nimekonda, mikono imekonda, tumbo tu ndilo linaloendelea. Mama ameanza kufuma soksi.

Sijaenda kupima. Miaka sita, kaka. Nikienda wakaniambia siyo, nitarudi kwa Mama na uso gani? Acha kwanza.

Ile alama ya mkononi uliyoiulizia ulipokuja likizo ilipona. Zimetoka nyingine. Siku hizi nikigusa ukingo wa meza tu nabaki na doa la bluu. Usianze tena maswali yako.

Wabusu watoto. Mwambie wifi kitambaa alichoniagiza nimekipata.

Mdogo wako,
Chiriku

28 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilichelewa kwa sababu gari la posta halifiki kambini mvua ikinyesha, na imenyesha kweli. Tunajenga barabara, mvua inaibomoa, tunaijenga tena. Nina vijana arobaini chini yangu na mitambo mitatu, mmoja mbovu. Wifi yako na watoto hawajambo. Mdogo ameng'oa jino akalificha, hatujui wapi.

Nilipomaliza kusoma ulichoandika kuhusu tumbo nilitoka nje nikasimama peke yangu. Miaka yote hii nilikuwa siulizi kwa sababu nilikuwa naogopa kukuumiza. Acha meza ya pasi kama wanaweza kukupa kazi ya kukaa. Kula hata kama hujisikii. Nenda kapime, usiwe mtoto.

Jambo moja tu. Unasema alama zimeongezeka. Mimi nimekulea tangu Baba alipotutoka, najua unapodanganya. Huyo bwana anakutunza? Mtu asiyesema, huwezi kujua anafikiri nini. Ukiwa na la kuniambia, niambie.

Msalimie Mama. Mwambie afume na kofia.

Kaka yako

9 Mei

Mdogo wangu,

Sijui kama utaisoma barua hii mwenyewe au utasomewa. Nimeambiwa umefanyiwa upasuaji, umeongezewa damu, umefumbua macho. Namshukuru Mungu kwa hilo. Kwa mengine yote nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Mama alipiga simu ofisini. Nilikuwa barabarani, mkuu wa kambi akanifuata na gari. Mama analia, sielewi, mara bandama, mara damu, mara mtoto hayupo. Ndipo akaniambia kwamba daktari wa zamu alimwuliza mbele ya watu: "Huyu amepigwa na nani?" Daktari huyo alimwambia kwa kinywa chake kwamba bandama la mtu halipasuki hivi hivi. Hupasuka kwa ajali ya gari, kwa kuanguka kutoka juu, au kwa kipigo. Wewe hukugongwa na gari. Hukuanguka kutoka juu. Ulikuwa nyumbani na mume wako.

Na jirani amesikia ugomvi. Na mimi niliziona zile alama kwa macho yangu haya.

Basi nimefanya lililokuwa juu yangu. Nimeandika maelezo kurasa mbili, nimeyasaini mbele ya mkuu wa kambi, nimeyatuma kituo cha polisi. Nimesema niliona alama za kipigo mkononi mwako, na kwamba nilipokuuliza ulishusha macho. Nimesema asiachiwe kwa dhamana, kwa sababu akitoka atakumaliza. Mama naye ametoa maelezo yake. Umwache mtu huyo akae mahabusu ajifunze kuongea.

Nilimkaribisha mezani kwangu. Nilimpa mkono. Kila nikikumbuka mkono ule, mkubwa kama sepetu, naosha wangu upya.

Ukitoka hospitali nenda moja kwa moja kwa Mama. Vitu vyako vitafuatwa. Usimwogope, hayupo.

Kaka yako

2 Juni

Kaka,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Nimeandika hivyo kwa mazoea tu, kwa maana mimi sijambo ya wapi na kovu linaloanzia kifuani hadi kitovuni. Niko kwa Mama. Nimeletwa hapa kama kifurushi, sikuulizwa.

Sasa nisikilize, maana kwenye simu unanikata maneno, na barua huwezi kuikata.

Hakuna aliyenipiga.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilikuwa nimekasirika, ni kweli, kwa sababu vyuma vya geti vilikuwa vimeziba ujia na nilikuwa na beseni la nguo. Nikapiga kelele. Mimi, kaka, si yeye. Jirani wetu mshona mapazia anasema alisikia ugomvi. Alisikia sauti moja, na sauti hiyo ni yangu. Tangu lini mtu mmoja akaitwa ugomvi? Kimya akasogeza vyuma vyote bila neno, akaja kunisaidia kuanua mashuka. Yeye ameshika ncha mbili, mimi nimeshika mbili, tunakunja. Vumbi likaniingia puani nikapiga chafya.

Chafya moja. Nikasikia kitu kimeachia chini ya mbavu za kushoto, halafu kama maji ya moto yamemwagika ndani. Maumivu yakapanda mpaka begani, bega la kushoto, kama mtu ameniwekea pasi hapo na kuondoka. Masikio yakavuma. Nakumbuka shuka likienda chini na nakumbuka nilifikiri, litachafuka. Kisha akawa amenibeba. Alikimbia nami peku mpaka barabara kuu akasimama katikati, mbele ya gari la mizigo, dereva akafunga breki karibu atukanyage. Dereva huyo anasema Kimya alikuwa analia. Huyo hakuna aliyemwandikisha maelezo.

Nilipoamka niliuliza yuko wapi. Alikuja askari na karatasi, akavuta kiti. Akaniuliza nani alinipiga. Nikasema hakuna. Basi nini kilitokea? Nikasema nilipiga chafya.

Alicheka, kaka. Alimwita na nesi aje asikie. Chafya ya kupasua bandama! Mimi nimelala na mpira puani, siwezi hata kugeuka, na watu wawili wazima wanacheka juu ya kichwa changu. Kisha akaandika: mgonjwa anamficha mume. Nimeona kwa macho yangu, aliandika wakati mimi bado naongea.

Nimemwambia daktari wa zamu. Nimemwambia Mama. Nimemwambia mjumbe wa mtaa aliyekuja na machungwa. Wote wananipapasa mkono na kusema pole, pole, tunajua. Mnajua nini? Nimegeuka mtu ambaye kila akisema ukweli wanamwonea huruma. Heri wangeniita mwongo, ningebishana nao.

Na wewe. Unasema nilishusha macho. Nilishusha macho kwa sababu mwanao alikuwa amenimwagia chai miguuni. Ulikuwepo. Wewe mwenyewe ulimwita mama yake alete kitambaa.

Kuhusu mimba. Hapakuwa na mimba. Naandika mara hii moja na usiniulize tena.

Fungua kinywa chako, kaka, au chukua kalamu ile ile iliyotoboa karatasi, ukaondoe maelezo yako.

Chiriku

20 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Hapa tuko salama. Mtambo wa pili nao umekufa.

Nimeisoma barua yako. Siwezi kubishana na mgonjwa. Miaka ya nyuma nilikuwa na kijana kazini, mkewe alikuja kambini na jicho limeziba, akatuapia kwamba aligongwa na mlango. Tukamwamini. Tulimzika. Tangu siku ile nilijiapia kwamba mlango hautanidanganya tena, na leo unaniletea chafya.

Nakuelewa. Mtu umeishi naye, unamwonea huruma, unaona aibu ya watu. Lakini mimi sina aibu hiyo na siwezi kuwa nayo. Kama hakukupiga, mbona hasemi? Nimeambiwa tangu akamatwe amekaa kama gogo. Mtu aliyeonewa hupiga kelele.

Pumzika. Kula. Hayo mengine tuachie sisi wakubwa.

Kaka yako

14 Julai

Kaka,

Shikamoo. Mama hajambo, anakusalimu, ingawa siku hizi hatuongei sana mimi na yeye. Zile soksi zimetoweka mezani, sijui alizipeleka wapi.

Jana niliitwa hospitali. Si na yule wa zamu, bali na daktari mpasuaji mwenyewe, mama wa makamo ambaye hapendi maneno mengi. Ndiye aliyenifungua tumbo. Aliniambia nije na mtu, nikaja na Mama, makusudi, ili asikie.

Daktari alisema siku ile alipoingiza mkono alijua kwamba si jambo la kipigo tu. Bandama la mtu mzima linaenea kiganjani. Langu lilikuwa kubwa kama mkate mzima wa dukani. Limevimba mpaka ngozi yake imekuwa kama ya nyanya iliyoiva kupita kiasi, na likiwa hivyo halihitaji ngumi. Kukohoa kunatosha. Kugeuka kitandani kunatosha. Mama akauliza kwa sauti ndogo: hata chafya? Akajibu: "Hata chafya. Nimeandika hivyo."

Kipande alikipeleka maabara ya mbali kwa sababu ya hapa haina vifaa, na mashine ya kuhesabu damu ilikuwa mbovu wiki ile. Ndiyo maana tumekaa gizani muda wote huu. Majibu ndiyo hayo yamekuja. Ni saratani ya damu. Alilitaja neno hilo taratibu, kama mtu anayeweka glasi mezani. Inazalisha chembe nyingi kupita kiasi na bandama linazipokea mpaka linashindwa. Tumbo lile lilikuwa hilo. Jasho lilikuwa hilo. Kushiba kwa matonge mawili kulikuwa hilo, lilikuwa linasukuma tumbo la chakula.

Na alama, kaka. Zile za bluu. Damu yangu haigandi vizuri. Uliponiona likizo nilikuwa tayari mgonjwa. Uliushika ugonjwa wangu kwa mkono wako, ukauita kwa jina la mume wangu.

Kuna vidonge. Nitavimeza kila siku, pengine maisha yote. Kuhusu ugonjwa wenyewe sitaki kuandika leo.

Nilipotoka nilikutana na yule daktari wa zamu kwenye ujia. Nilisimama mbele yake. Nikamwambia nimeletewa majibu. Akasema ameyaona, akaangalia saa yake, akasema wakati mwingine mambo haya hutokea, ni nadra. Nikamwambia nadra ndiyo mimi, na mume wangu yuko ndani kwa ajili ya neno lako. Akasema yeye hakumtaja mtu. Ni kweli. Aliuliza tu swali. Swali limetosha kumfunga mtu.

Nilikwenda kituoni na ripoti ya daktari. Mkuu wa kituo aliisoma mara mbili, akakuna shingo. Akasema kuna maelezo mawili ya ndugu, ya mama na ya kaka, na ya kaka ndiyo mazito kwa sababu yanasema alikuwa akinipiga tangu zamani. Ripoti inaeleza ya Jumamosi ile, haielezi ya zamani. Mpaka mwenyewe aliyeyasema ayaondoe.

Aliniruhusu nimwone Kimya dakika chache. Nilimwambia nina saratani. Alishika nondo za dirisha akaniuliza vidonge vinamezwa kabla ya kula au baada. Ndiye huyo gogo lenu.

Nasubiri karatasi yako.

Chiriku

11 Agosti

Kaka,

Barua ya posta inachukua siku ngapi mvua isiponyesha? Huku hakuna mvua. Nimesoma gazetini kwamba hata huko hakuna.

Kila asubuhi nakwenda posta kabla ya dawa. Karani wa dirishani amekwisha kunijua, akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika. Nimekupigia simu ofisini mara tatu. Mara ya kwanza uko barabarani. Mara ya pili uko barabarani. Mara ya tatu nilikusikia kwa nyuma ukimwambia aliyepokea anijibu uko barabarani.

Ulipokuwa unataka afungwe hukungoja gari la posta. Ulimtuma dereva wa kambi.

Sina zaidi.

Chiriku

30 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini dawa zinakukubali. Sisi huku kazi inakwenda. Tumefika darajani, kilomita tulizobakiza si nyingi. Kulikuwa na tatizo la kokoto, zilizoletwa zilikuwa na udongo mwingi, nikazikataa, wakaleta nyingine. Mtoto mkubwa ameongoza darasani katika hesabu.

Nimetuma karatasi ya pili kituoni. Itakuwa imefika kabla ya hii. Nimeeleza kwamba alama niliziona lakini sikuona aliyezitia. Nimeandika mara ya kwanza nilichokiona na mara ya pili nimeandika nilichokiona. Mtu mwingine yeyote angeona hivyo hivyo. Kaka anayeona alama kwenye mkono wa dada yake akanyamaza, huyo si kaka.

Hayo ndiyo yangu. Jitunze.

Kaka yako

*Wifi, mimi ni wifi yako, naongeza hapa chini kabla hajafunga bahasha. Barua yako ya Julai aliisoma akaitupa chini ya kitanda. Kesho yake nilimkuta amelala kifudifudi sakafuni anaitafuta kwa fimbo. Tangu hapo anaitembeza mfukoni. Chakula hali vizuri. Sikuambii ili umsamehe, nakuambia ujue. Hilo la chai miguuni ni kweli, nilileta kitambaa mimi. Mpe mume pole, na pole mwenyewe.*

18 Septemba

Kaka,

Shikamoo, na umwambie wifi ahsante.

Ametoka. Mama aliondoa maelezo yake kabla yako. Alikwenda peke yake asubuhi, hakuniambia, nimeambiwa na askari. Karatasi yako ilipofika walimfungulia siku hiyo hiyo, wakamrudishia mkanda na viatu ambavyo si vyake, kwa sababu yeye aliingia peku. Hakuna aliyemwambia samahani. Yule aliyecheka chafya yangu alikuwa mapokezini, alijifanya anatafuta kalamu.

Amekonda. Ndevu zimemjaa. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni akaniuliza, "Umekula?" Tukaenda nyumbani.

Sasa nikueleze nyumba aliyoirudia. Mageti ya shule wamempa fundi mwingine, wakaja wakabeba hata vile vyuma alivyokwisha kuunga, vimesimama pale shuleni, kazi ya mikono yake, na jina la mtu mwingine limepakwa rangi juu. Wateja wanapita upande wa pili wa njia. Mshona mapazia, mwenye masikio ya kusikia ugomvi wa mtu mmoja, amemfungia binti yake dirisha asimwone Kimya. Nilikwenda kwake na ripoti ya daktari, nikamsomea mstari kwa mstari mlangoni mwake, kwa sauti ambayo ujia mzima umeisikia. Akasema yeye hana ubaya na mtu. Hakuna mwenye ubaya, kaka. Daktari hakumtaja mtu, askari aliandika tu, jirani alisikia tu, wewe uliona tu. Wote safi. Aliyekaa ndani miezi ni nani basi?

Mama alikuja na sufuria ya chakula. Kimya alisimama, akasema, "Shikamoo, Mama," akampa kiti, akatoka nje kupiga msasa kipande cha chuma mpaka alipoondoka. Mama alikaa muda mrefu na sufuria mapajani. Sikumsaidia.

Jioni nilimwuliza kwa nini hakujitetea kule ndani. Nilidhani hatajibu. Alivua miwani ya kuchomelea, akaifuta, akasema:

"Kaka yako alinikalisha mezani kwake. Tumekula sahani moja. Angeniuliza mimi."

Ni hayo tu. Kwa Kimya hayo ni hotuba.

Chiriku

9 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Tuko salama.

Nafikiria kuchukua likizo mwezi wa Desemba na kuja na familia. Watoto wanamwulizia bibi yao. Naweza kufikia kwa Mama.

Unaweza kumwambia shemeji kwamba nimesikia alichosema. Mwambie mambo yalikwenda mbio. Mwambie mtu akiwa mbali anaona vingine. Wewe unajua jinsi ya kuyapanga, tangu mdogo ulikuwa na maneno kuliko sisi wote. Mweleze vizuri.

Dawa zinaendeleaje?

Kaka yako

24 Oktoba

Kaka,

Shikamoo. Dawa zinaendelea. Mwanzoni zilinichafua tumbo, sasa nimezizoea. Damu imepimwa tena, daktari ameridhika, na daktari huyu si mtu wa kuridhika ovyo. Amenionya kwamba bila bandama homa ndogo kwangu si ndogo, nikichemka tu niende hospitali. Kazini wamenirudisha meza ya kukunja, nakaa kwenye stuli.

Sitamwambia.

Nimekuwa mdomo wa kila mtu katika jambo hili. Nilisema kwa niaba yangu, hamkusikia. Nilisema kwa niaba yake, mkanionea huruma. Leo unataka niseme na kwa niaba yako, nikupangie maneno, niyapake sukari, nimpelekee mume wangu kwenye kisahani. Maelezo ya kumfunga uliyaandika mwenyewe, hukuniomba nikupangie. Kurasa mbili. Na saini.

Anajua kusoma. Anwani ni hii hii, badilisha jina tu.

Na likizo njoo ama usije, ni shauri lako. Ila ukija ukafikia kwa Mama, ukapita nyumbani kwangu nusu saa kunywa chai na kuangalia dari, afadhali ubaki barabarani kwako.

Mdogo wako bado,
Chiriku

1 Desemba

Kaka,

Shikamoo. Mama hajambo, goti limeanza tena. Juzi alikuja, Kimya hakutoka nje. Alibaki kwenye kiti, hakusema kitu, lakini alibaki. Mama alimaliza chai yake yote.

Bahasha ilifika Jumanne. Niliona mwandiko wako nikaanza kuichana, ndipo nikaona jina. Niliigandisha kwa uji mahali nilipoichana, nikamwekea juu ya sanduku la vyuma.

Aliisoma amesimama. Naona ilikuwa ndefu, maana alirudi mwanzo. Alipomaliza aliikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akavaa miwani akaendelea kuchomelea. Hakuniambia umeandika nini. Mimi, mtu wa maneno, sikuuliza. Nilikaa pale mlangoni nakunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Usifikiri yamekwisha. Mimi nina yangu nawe, nayatunza, utayapata ukifika, na wifi asikutetee. Kila nikimeza kidonge asubuhi nakumbuka kwamba ningeweza kufa kitandani kwa Mama nikiwa naitwa mwanamke aliyeuawa na mumewe, na mngenizika hivyo, na mngemlaani yeye kaburini kwangu, na mngejiona mmenipenda.

Jana nilimkuta anapima vyuma sakafuni kwa chaki. Si geti, vipimo vyake si vya geti. Nilidhani amepata kazi mpya, nikafurahi, nikamwuliza anatengeneza nini. Kitanda. Nikamwuliza ni cha mteja gani. Hakuinua kichwa.

"Cha wageni," akasema. "Kaka yako ni mrefu."

Chiriku